Vifaranga wa Filberti Walikuwa Wazima

Dada Domitila,

Majibu ya kuku wako yametoka. Najua ungetaka nianze na hilo kabla ya salamu, ndiyo maana nimeanza nalo. Hukuwahi kuwavumilia watu wanaozunguka mbuyu. Ulikuwa ukiniambia kwenye simu, "Vere, sema jambo lenyewe, habari za nyumbani zitafuata."

Nyumbani hatujambo. Binti yako Aline bado anakaa Masaka, huko pembezoni mwa jiji, kwenye nyumba yako. Ameupaka ukuta wa mbele ile rangi ya kijani uliyoikataa, na lazima niseme ukweli, inapendeza. Wale wenye maduka wa Muhima mjini waliokuwa wanachukua mayai kwako sasa wanachukua kwake. Wanamwita Mama Mayai kama walivyokuita wewe, na yeye anachukia, anasema bado hajaolewa. Mimi niko palepale maabara ya mifugo, na kikohozi changu cha msimu wa vumbi kipo pia.

Sasa jambo lenyewe. Naomba nikueleze tangu mwanzo, kwa sababu mengine yalitokea ukiwa umeshazidiwa, na mengine ulisimuliwa vibaya na watu.

Siku Filberti alipokuletea wale vifaranga nilikuwepo. Aliwaleta mwenyewe na pikapu ya kukodi kutoka kwenye kituo cha kutotoleshea, akateremsha maboksi moja moja, hakutaka mtu mwingine aguse. Alikuwa amenyoa ndevu na kuvaa shati lililopigwa pasi. Muuza vifaranga gani wa Remera anavaa hivyo kwenda bandani? Wewe ulimchemshia chai ya maziwa na tangawizi, nami nikajifanya nahesabu vifaranga ili nisiwaangalie. Wewe mjane, yeye mjane, sisi tumekulia Karagwe na yeye Bujumbura, mkawa mnagombana kwa Kiswahili wakati majirani wote wanaongea Kinyarwanda. Ulikuwa unamsahihisha kila neno. Ulimwambia, "Kuku hawasemwi 'iko', kuku wapo." Naye akakujibu, "Madamu, kuku iko sawa, na mimi iko sawa, unataka nini tena?" Ukacheka mpaka ukaweka kikombe chini. Nilirudi mjini siku ile nikijua kwamba punde nitaambiwa tarehe ya kushona nguo ya harusi.

Halafu vifaranga wakakua, wakakaribia kutaga, na kuku wa kwanza akaanza kuburuta mguu. Ulinipigia simu ukasema amelala mguu mmoja mbele mmoja nyuma, kama mtu aliyeteleza kwenye tope. Nilipofika walikuwa wameshakuwa wengi. Mmoja bawa limeanguka, mwingine jicho limekuwa la kijivu, haoni. Nilimpasua mmoja juu ya meza ile ya nyuma ya nyumba. Ini lilikuwa limevimba likajaa vinundu vyeupe, bandama hivyohivyo. Ulisimama nyuma yangu umeshika kiuno. Hukulia. Ulisema tu, "Filberti amenipa mbegu mbovu."

Nilikwambia tusubiri vipimo. Hukusubiri. Jumamosi ya umuganda, siku ya kazi ya pamoja ya kila mwezi, kazi ya kuzibua mtaro ilipokwisha na watu wa umudugudu, mtaa mzima, wakaketi kwenye mkutano, ulisimama. Filberti alikuwepo. Si mkazi wa huko, alitoka Remera na jembe lake kuja kukusaidia zamu yako. Ukasema mbele yake na mbele ya wote, "Huyu mwanamume ameniuzia kifo kwenye maboksi." Watu wakageuka kumtazama. Alichukua jembe lake akaondoka. Alipokupigia hukupokea, na baadaye ukaifungia namba yake.

Sikulaumu, Dada. Mtu aliyepoteza banda zima anatafuta uso wa kuuangalia. Lakini ujue neno lako lilikwenda mbali. Wafugaji wa Masaka waliacha kununua kwake, wa Kabuga wakafuata. Alibaki anauza pumba na vyombo vya maji vya kuku.

Kisha ukaugua wewe. Ulijua Masaka walisema nini: kuku wana uvimbe, mama naye ana uvimbe tumboni, basi ni kitu kimoja. Mayai yakarudi kutoka madukani. Aline alikuwa analia jikoni ili usimsikie. Siku ile hospitali, nilipokuwa nakupaka mafuta miguuni, uliniuliza kwa sauti ya kawaida kabisa, "Vere, nieleze ukweli. Ni kuku walioniua?"

Nilikujibu na narudia hapa, usije ukafikiri nilikuwa nakufariji. Virusi vile ni vya kuku. Haviingii kwa mtu. Kilichokuwa tumboni mwako hakikutoka bandani.

Uliurudisha mguu ndani ya shuka. Halafu ukasema, "Basi Filberti hakuniua mimi. Lakini kuku wangu aliwaua." Nikataka kucheka na kulia kwa pamoja. Ukanishika mkono. "Tafuta. Ukipata, uniambie."

Ndiyo sababu ya barua hii. Nimepata, nakuambia.

Siku ya mazishi yako Filberti alikuja. Ulikuwa umeagiza asikanyage kwako, na yeye alisikia, kwa sababu mambo ya namna hiyo husikika. Akasimama ng'ambo ya barabara ameshika kofia mkononi tangu misa ilipoanza mpaka tulipotoka na jeneza. Hakuna aliyemfukuza. Hakuna aliyemkaribisha pia. Aline alipita akaangalia chini.

Wiki chache baadaye nilianza kazi uliyonipa. Nitakueleza kama ninavyowaeleza wafugaji.

Kuna virusi vya aina mbili vinavyowaletea kuku uvimbe, na ukipasua kuku huwezi kusema kwa macho ni vipi vilivyomuua. Maini yote mawili yanafanana. Aina ya kwanza inapita kwenye yai. Mama anayo, anampa mtoto, kifaranga anazaliwa nayo. Aina ya pili haipiti kwenye yai hata kidogo. Hiyo inaishi kwenye shina la unyoya wa kuku, inatoka na magamba ya ngozi, inakuwa vumbi, na kifaranga anaivuta kwa pua. Vumbi hilo linaweza kukaa bandani miezi na miezi likiwa bado linaambukiza.

Umeelewa tayari, nakujua. Kama ilikuwa aina ya kwanza, ugonjwa ulizaliwa kituoni na Filberti alikuletea kweli, hata kama hakujua. Kama ilikuwa ya pili, vifaranga walifika wazima na wakaukuta kwako.

Nilikuwa nimehifadhi vipande vya maini kwenye friza. Tukavipima. Ilikuwa ya pili.

Sikuridhika, kwa sababu na wewe usingeridhika. Ungesema, "Labda vumbi lilikuja ndani ya maboksi yake." Nikatafuta watu wengine waliopata vifaranga wa siku ileile, kutoka rundo lilelile la maboksi. Mmoja yuko Kanombe, mwingine mbali huko Bugesera. Kuku wao walikuwa wanatembea na wanataga. Nikang'oa manyoya yao, nikapima, safi. Kisha nikarudi Masaka, nikapita kwa majirani zako ambao hawajawahi kununua kitu chochote kwa Filberti. Mama Klarisa yule wa bondeni alinifungulia banda huku ananiangalia kwa wasiwasi. Kuku wake watatu walikuwa wamelala mguu mbele mguu nyuma. Alikuwa amewaficha, aliogopa kusemwa kama ulivyosemwa wewe. Ugonjwa ulifuata mahali, Dada. Haukumfuata muuzaji.

Sasa kuna mashine inayosoma vinasaba vya virusi, herufi kwa herufi, kama mtu anayesoma majina kwenye ukoo. Ukiwa na vya mabanda mengi unaweza kuchora mti: huyu mtoto wa huyu, hawa ndugu, yule ametoka mbali. Tulisoma vya kuku wako waliokufa, vya Mama Klarisa, na vya mabanda mengine ya Masaka. Vyote ni ukoo mmoja. Na si ule wa zamani. Tuna virusi tulivyohifadhi miaka ya nyuma, na tulipovilinganisha tuliona hivi vipya vimebadilika kwenye ile jeni inayoleta uvimbe. Vimekuwa vikali zaidi. Chanjo tunayotumia ilitengenezwa kwa ajili ya babu zao.

Na hapa ndipo panaponiuma kukuandikia, lakini uliniambia niseme.

Tulipima pia wale kuku wako wazee. Wale uliokataa kuwauza walipopunguza kutaga, ukasema wamekusomeshea Aline, hawaendi kwenye sufuria. Uliwaweka upande wa pili wa wavu, banda lilelile, paa lilelile. Walikuwa wazima, wanene, wanatembea kama wamama wanaotoka kanisani. Nilipomshika yule mwekundu mwenye kidole kilichopinda alinidonoa damu ikatoka. Manyoya yao yote yalikuwa na virusi. Vilevile, herufi kwa herufi.

Hivi ndivyo ilivyo: chanjo inamzuia kuku asipate uvimbe. Haimzuii kubeba virusi wala kuvitoa. Kuku wazee waliishi navyo bila kuugua na kila siku waliacha vumbi juu ya wavu, juu ya maranda, kwenye taa. Vifaranga wa Filberti walikuwa wamechanjwa, ndiyo, lakini kinga inahitaji siku kadhaa ili isimame. Wao walivuta vumbi lile tangu saa ile tulipokuwa tunakunywa chai.

Hukufanya kosa, Dada. Nani alikwambia kwamba kuku mzima anaweza kuwa mlango wa ugonjwa? Hata sisi tunaosoma haya tunabishana juu yake. Lakini Filberti naye hakufanya kosa.

Nilimwonyesha Aline majibu sebuleni kwako. Alisoma, akauliza maswali mazuri kuliko wanafunzi wangu, halafu akaniuliza nitafanya nini nayo. Nikamwambia nitasimama baada ya umuganda nimsafishe Filberti palepale aliposhtakiwa. Akaweka karatasi mezani. "Mama mdogo, hapana. Mwambie yeye kwa siri, mwandikie, mpigie. Lakini usimsimamishe mama mbele ya watu. Hana mdomo wa kujitetea."

Nikazikunja karatasi, nikazirudisha mkobani. Ni kweli, kumsafisha yeye ni kusema mbele ya Masaka nzima kwamba marehemu Domitila alikosea, na kwamba ugonjwa ulitoka kwa kuku aliowapenda. Nilikaa na jambo hilo mwezi mzima. Umuganda mmoja ukapita sikusema kitu, nikalima majani ya barabarani nikarudi nyumbani.

Kilichonitoa ni Aline mwenyewe. Alikuwa ameshuka Remera kununua vyombo vya maji, akaingia kwenye duka bila kuangalia ni la nani. Alimkuta Filberti amekaa peke yake. Anasema amekonda. Filberti alimhudumia kwa heshima, akamfungia mzigo, akamwitia moto, pikipiki ya abiria, na wakati dereva anafunga mzigo akauliza jambo moja tu: "Mama aliumia sana mwishoni?" Aline akamjibu hapana. Naye akasema, "Asante. Hiyo ndiyo nilikuwa nataka kujua." Aline akaja moja kwa moja kwangu na vyombo vyake vya maji, hata hakupitia nyumbani, akasema, "Jumamosi tunasimama wote wawili."

Tukasimama. Nilivaa ile kanga yako ya zambarau, wanicheke wanavyotaka. Nilieleza kwa Kinyarwanda, polepole, kama nilivyokueleza hapa: virusi viwili, yai na vumbi, mti wa ukoo, kuku wazima wanaobeba. Nikasema uvimbe wa kuku haumpati mtu, na kwamba waliosusa mayai yako ulipokuwa kitandani walikuumiza bure. Nilisema hilo kwanza, nisamehe, nilitaka waanze wao kuinamisha vichwa. Kisha Aline akachukua neno. "Mama yangu alisema hapa kwamba Filberti alimuuzia kifo. Mama alikuwa na uchungu. Haikuwa kweli. Angejua, angerudi hapa mwenyewe kusema, kwa hiyo nasema mimi kwa niaba yake."

Watu wakatazama majembe yao. Nikadhani tumekuaibisha. Halafu Mama Klarisa akainuka, akasema na yeye anafuga wazee na watoto banda moja, na kuku wake wanaugua, na mwenye ujasiri aseme na wa kwake. Mkono mmoja ukainuka, mwingine, mwingine. Dada, nusu ya waliokuwepo walikuwa wanaficha kuku. Wote walikuwa wanaogopa kuwa wewe. Mkuu wa umudugudu aliniomba nipite banda kwa banda, na sasa ndiyo kazi yangu ya kila wiki. Ninang'oa manyoya, napangusa vumbi la juu ya nyavu, na ule mti unaota matawi.

Wale kuku wazee wako tuliwachinja. Aline alitaka afanye mwenyewe, hakutaka mtu wa kukodi. Niliwapasua wote, maini safi, hakuna hata kinundu. Tulichoma maranda, tukaosha banda mpaka kwenye dari, tukaliacha wazi na jua likaingia. Yule mwekundu tulimla. Alikuwa mgumu kama kiatu.

Filberti alisikia yaliyosemwa kabla jua halijazama siku ileile, unajua simu za watu. Nilikwenda Remera Jumatatu ili asikie kutoka kinywani mwangu. Nilimwekea karatasi mbele yake na kuanza kueleza, akanizuia. "Dogiteri, mimi nilikuwa najua vifaranga iko mizima. Nililala nao kituoni usiku ule, nikawachagua kimoja kimoja, sababu ilikuwa ya Domitila." Akapangusa kaunta, haikuwa na vumbi. "Hii karatasi ni ya watu wengine. Mimi nilitaka ajue yeye."

Nikamwambia nitakuambia. Hakucheka. Aliniuliza lini.

Wateja wanamrudia kidogo kidogo. Wengine hawajarudi na labda hawatarudi. Neno likishatoka, kuliita nyumbani ni kazi. Vifaranga wapya wa Aline aliwaleta Filberti mwenyewe, bila pikapu safari hii, maboksi yamefungwa kwenye gari la jirani, na alikataa kuingia bandani mpaka alipobadilisha viatu kwenye ndoo ya dawa. Aline alimpikia chakula. Walikula wakiongea habari zako, hasa ulivyokuwa mkali. Vifaranga wako peke yao, hawana shangazi wa kuwaletea vumbi, na mpaka leo wanakimbia wote.

Kuna kitu sijakipata. Sijui kuku wako wazee walipata wapi virusi vile. Huenda ni trei za mayai zinazozunguka kutoka duka hadi banda, huenda ni matenga ya soko la Nyabugogo, huenda ni viatu vya mtu aliyekuja kukusalimia, huenda ni vyangu. Virusi hivi vinabadilika, na siku moja vitakuta hata chanjo mpya itakayokuja ikiwa imezeeka pia. Nakuahidi mambo mawili. Sitaacha kuvifuata, banda kwa banda, maadamu miguu inanibeba. Na kila nitakapopata jibu, kabla halijaenda kwenye mkutano au kwenye ripoti, nitalipeleka kwanza kwa mtu ambaye jina lake limechafuliwa kwa sababu ya virusi hivyo.

Nakuaga sasa, Dada. Ulinibeba mgongoni kule Karagwe mpaka nikakutoboa kanga kwa meno, ukanilipia shule kwa mayai, na mimi nimekulipa kwa habari ambayo hukutaka kuisikia. Nadhani ungenitukana kwanza. Halafu ungeuliza kama Filberti amekula.

Filberti hajafika kaburini kwako tangu tukuzike. Nilimsihi, Aline alimsihi, akasema hawezi kusimama mbele yako kabla hujaambiwa.

Basi umeambiwa. Jumapili, baada ya misa ya kwanza, anakuja. Mpokee.

Mdogo wako,
Verediana